Diski za kurekodia vipindi vya televisheni

Diski za kurekodia vipindi vya televisheni ni diski tupu zinazoandikwa kwa mwanga wa leza ili kuhifadhi picha na sauti zilizonaswa kutoka kwenye televisheni. Aina zake kuu ni CD-R, DVD-R, DVD+R, DVD-RW, DVD+RW, DVD-RAM na BD-R. Zilitumika sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi miaka ya 2010, hasa nchini Marekani, Kanada, Japani na katika nchi za Ulaya. Watumiaji wake walikuwa watu waliorekodi vipindi nyumbani, wakaviweka kabatini, na wengi wao wakabadilishana nakala kwa njia ya posta.

Katika kuchagua diski, jambo la kwanza ni kutofautisha kazi mbili: kutunza na kutuma. Diski inayofaa kutunzwa kwa miaka mingi haifai kila mara kutumwa kwa mtu ambaye mashine yake haijulikani. Watu wengi waliopoteza rekodi zao walitumia diski moja kwa kazi zote mbili.

Asili ya desturi hii

Kabla ya diski zilikuwapo kanda za video. Sony ilitoa kanda za Betamax mwaka 1975, na JVC ikatoa VHS mwaka 1976. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mtu anayerekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye havunji haki za mwenye kipindi. Hukumu hiyo ilihusu kutazama baadaye tu. Haikuhalalisha kuuza nakala, wala haikusema kuwa kila namna ya kugawa nakala inaruhusiwa. Hata hivyo ndiyo iliyofungua njia kwa mashine za kurekodia kuuzwa bila hofu.

Watazamaji walibadilishana kanda kwa sababu mara nyingi hapakuwa na njia nyingine ya kupata kipindi. Mfano mmoja ni WKRP in Cincinnati, tamthilia ya vichekesho kuhusu kituo cha redio iliyoonyeshwa Marekani kuanzia 1978 hadi 1982. Ndani yake mlipigwa nyimbo nyingi maarufu, na haki za nyimbo hizo zilikuwa ghali. Msimu wa kwanza ulipotolewa rasmi kwenye DVD mwaka 2007, nyimbo nyingi zilikuwa zimeondolewa na kuwekwa nyingine. Aliyetaka kuona kipindi kama kilivyotangazwa alilazimika kumtafuta mtu aliyekirekodi. The Wonder Years, iliyomalizika mwaka 1993, ilisubiri hadi 2014 kutolewa kamili kwenye DVD, na kikwazo kilikuwa hichohicho cha muziki.

Jambo zito zaidi ni kwamba vituo vyenyewe havikutunza kazi zao. BBC ya Uingereza ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 ili zitumike tena, zikiwemo sehemu nyingi za Doctor Who. Sauti za sehemu zote zilizopotea zipo leo kwa sababu watazamaji walizirekodi nyumbani kutoka kwenye televisheni. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa filamu za sehemu 9 za tamthilia hiyo zimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Nchini Marekani, Marion Stokes wa Philadelphia alirekodi taarifa za habari mfululizo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi alipofariki mwaka 2012. Aliacha kanda zipatazo 70,000, ambazo zilikabidhiwa kwa Internet Archive. Kwa hiyo diski iliyo kabatini kwa mtu binafsi inaweza kuwa nakala pekee iliyobaki duniani, na uchaguzi wake si jambo la bei tu.

Tofauti ya kanda na diski ni hii: kila kanda iliponakiliwa, picha ilififia. Nakala ya nakala ya nakala ilikuwa na rangi zilizochuja na sauti yenye mvumo. Diski hubeba tarakimu, na tarakimu zikinakiliwa zilivyo, nakala ya kumi ni sawa kabisa na ya kwanza. Ila sharti ni hilo: zinakiliwe zilivyo. Anayefungua picha na kuibana upya ili itoshe kwenye diski ndogo anapunguza ubora wake, na hasara hiyo hairudi hata faili likihamishiwa baadaye kwenye diski kubwa.

CD-R na VCD

CD-R ni diski ya kuandikwa mara moja yenye ujazo wa megabaiti 650 au 700. Ilitumika kwa video kwa njia mbili. Ya kwanza ni VCD, muundo uliowekwa mwaka 1993, unaoingiza takriban saa moja na robo ya picha katika diski moja. Picha ya VCD ina ukubwa wa nukta 352 kwa 240 katika nchi za NTSC na 352 kwa 288 katika nchi za PAL, yaani inakaribia ile ya kanda ya VHS. VCD ilienea sana Asia kwa sababu ya bei yake ndogo. Afrika Mashariki nayo iliipokea: filamu za Bongo ziliuzwa kwa miaka mingi zikiwa katika VCD, na filamu moja ndefu ilihitaji diski mbili. Marekani haikuipenda kamwe.

Njia ya pili ilikuwa kuandika faili zilizobanwa kwa DivX au Xvid. Kipindi cha saa moja, kikiondolewa matangazo ya biashara, kilitengenezwa kuwa faili la megabaiti 350 ili viwili vitoshe kwenye CD-R moja. Kipimo hicho kiliendelea kutumika hata baada ya DVD kuingia, na diski ya DVD ilibeba vipindi 12 vya namna hiyo. Faili hizo zilikuwa rahisi kutuma, lakini zilihitaji kompyuta au deki inayosoma DivX. Kwa kutunza hazikufaa, maana picha ilikuwa imekwisha kubanwa mno.

DVD-R na DVD+R

DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997. Pioneer ilitoa DVD-R mwaka 1997 ikiwa na gigabaiti 3.95, na baadaye ujazo ukawa 4.7. Muundo huo ulikubaliwa na DVD Forum, chama cha makampuni yaliyoasisi DVD. Kundi jingine, lililojumuisha Philips, Sony, Hewlett-Packard, Ricoh na Yamaha, lilijitenga na kutoa DVD+RW mwaka 2001 na DVD+R mwaka 2002. Kwa hiyo mnunuzi alikuta dukani diski mbili zinazofanana kwa sura, bei na ujazo, lakini mashine moja ilikubali hii na kukataa ile. Wauzaji waliziita diski ya kutoa na diski ya kujumlisha. Kwa hakika alama iliyo katika jina DVD-R ni kistari tu, na diski hiyo haijapungukiwa na kitu. Inazidi kidogo, kwani DVD-R huchukua baiti 4,707,319,808 na DVD+R huchukua 4,700,372,992. Tofauti hiyo ya megabaiti zisizofika 7 ilitosha kumkwamisha aliyejaza DVD-R hadi ukingoni kisha akataka kuinakili kwenye DVD+R.

Ugomvi huo ulipungua mwishoni mwa 2002 Sony ilipoanza kuuza kichomeo cha kompyuta kilichoandika aina zote mbili. Miaka michache baadaye karibu vichomeo vyote vilifanya hivyo. Swali likabaki upande wa deki, hasa deki za zamani.

Kwa kutuma, DVD-R ilikuwa chaguo salama zaidi, kwa sababu deki nyingi za miaka ya mwanzo ziliitambua. DVD+R ilikuwa na tatizo la sehemu ndogo ya taarifa mwanzoni mwa diski inayotaja aina yake. Deki isiyolijua jina hilo iliikataa diski ingawa ingeweza kuisoma. Baadhi ya vichomeo viliruhusu sehemu hiyo iandikwe kuwa DVD-ROM, yaani diski ya kiwandani. DVD+R iliyoandikwa hivyo ilikubalika hata kwenye deki zilizokataa DVD-R. DVD-R haina uwezo wa kubadilishwa jina hivyo. Basi mtu aliyejua kutumia kichomeo chake vizuri alikuwa na sababu ya kuchagua DVD+R, na asiyejua alibaki salama na DVD-R.

Zipo pia diski za tabaka mbili zenye gigabaiti 8.5: DVD+R DL iliyotoka mwaka 2004 na DVD-R DL iliyofuata mwaka 2005. Zilikuwa ghali, na deki nyingi zilikwama mahali leza inapohama kutoka tabaka moja kwenda jingine. Diski mbili za tabaka moja zilikuwa nafuu, na moja ikiharibika, nyingine inabaki.

Diski za kuandikwa tena

DVD-RW na DVD+RW huweza kufutwa na kuandikwa upya takriban mara 1,000, na DVD-RAM mara 100,000. Kazi yake bora ni ya muda: kurekodi kipindi leo, kukihamishia kwenye kompyuta kesho, kuondoa matangazo, kisha kufuta. Kwa kutuma zilileta usumbufu. Diski hizi huakisi mwanga kidogo, kiasi kinachokaribiana na cha diski za tabaka mbili, na deki nyingi za mwanzo zilidanganyika zikatafuta tabaka la pili lisilokuwepo. Isitoshe, kinachofutika kwa makusudi hufutika pia kwa bahati mbaya.

DVD-RAM ilipendwa na wenye mashine za Panasonic, kwani iliruhusu kutazama mwanzo wa kipindi huku mwisho wake ukiendelea kurekodiwa. Deki nyingi za makampuni mengine hazikuisoma kabisa.

Saa ngapi katika diski moja

Mashine za kurekodia DVD zilimpa mtumiaji viwango vinne: XP cha saa 1, SP cha saa 2, LP cha saa 4 na EP cha saa 6. Diski ni ileile, kinachobadilika ni kiasi cha data kinachotengwa kwa kila sekunde. Hesabu yake ni rahisi. Gigabaiti 4.7 ni sawa na megabiti zipatazo 37,600. Zikigawanywa kwa sekunde 7,200 za saa mbili, kila sekunde inapata megabiti 5.2. Kwa saa 4 inapata 2.6, na kwa saa 6 inapata kama 1.7 tu. Kwa kulinganisha, DVD huruhusu picha kuchukua hadi megabiti 9.8 kwa sekunde.

Kwa kipindi cha mazungumzo, ambamo watu wamekaa na kamera imetulia, LP inavumilika. Kwa mpira wa miguu, maji yanayotiririka, moshi au umati wa watu wanaocheza ngoma, picha ya LP huvunjikavunjika kuwa vipande vya mraba. Mashine nyingi zilipunguza upana wa picha katika LP kutoka nukta 720 hadi 352 ili vipande hivyo visionekane sana, na picha ikawa laini kupita kiasi. EP haina sababu ya kutumika kwa kitu chochote ambacho mtu anakusudia kukitunza.

Tamthilia ya Marekani inayotangazwa kwa saa moja hubaki na dakika zipatazo 43 matangazo yakiondolewa. Msimu wa sehemu 22 unahitaji diski 8 zikiwekwa sehemu tatu kwa kila diski, na diski 5 zikiwekwa sehemu tano kwa LP. Wabadilishanaji wengi walichagua diski 5 ili kupunguza gharama ya posta. Kwa nakala ya kutuma uamuzi huo unaeleweka. Kwa nakala ya mwenye rekodi ni kosa, maana diski tatu za akiba ziligharimu kidogo sana kuliko msimu mzima usioweza kupatikana tena. Njia nzuri ni kuweka nakala mama kwa SP au zaidi, kisha kutengeneza kutoka kwake nakala iliyobanwa ya kutuma, wala nakala iliyobanwa isigeuzwe kuwa mama.

Ubora wa diski yenyewe

Ubishi kati ya kistari na kujumlisha ulichukua nafasi kubwa kuliko unavyostahili. Kilichoamua umri wa diski ni rangi ya kemikali iliyo ndani yake na uangalifu wa kiwanda. Leza ya kichomeo huunguza alama ndogo katika rangi hiyo, na rangi duni hubadilika baadaye kwa joto, unyevu na mwanga wa jua. Diski ya rangi duni inaweza kusomeka vizuri siku ya kuchomwa na kukataa baada ya miaka michache.

Jina lililochapwa juu ya diski halitoshi kumjulisha mnunuzi. Kampuni moja iliweza kununua diski kutoka viwanda vitatu na kuzitia jina lake. Kiwanda hutambulika kwa namba ya siri iliyo katika diski, ambayo programu za kompyuta huisoma. TYG02, kwa mfano, ni DVD-R ya Taiyo Yuden ya Japani, na MCC 004 ni DVD+R ya Mitsubishi Chemical, iliyouzwa kwa jina la Verbatim. Hizo mbili zilitafutwa sana, kiasi kwamba diski za kughushi zenye namba za Taiyo Yuden ziliingia sokoni. Taiyo Yuden iliacha biashara ya diski mwaka 2015.

Muundo wa diski nao una maana katika utunzaji. Katika CD-R tabaka la data liko chini tu ya upande wenye maandishi, na mkwaruzo wa kalamu ngumu juu yake unaweza kuiua diski. Katika DVD tabaka hilo liko katikati, kati ya vipande viwili vya plastiki vyenye unene wa milimita 0.6 kila kimoja. Karatasi za kubandika hazifai kwa yoyote kati ya hizo: hupinda diski ikipata joto na kuvuruga mzunguko wake. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwaka 2003 mwongozo wa kutunza diski, unaoshauri kuziweka wima katika kasha, mahali pakavu penye baridi na pasipo jua, na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino laini isiyo na kemikali kali. Katika miji ya pwani, ambako joto na unyevu havipungui, bahasha za plastiki laini zinazogandamana na diski ni hatari zaidi kuliko kasha gumu.

PAL, NTSC na kanda za dunia

Wabadilishanaji wa nchi mbalimbali walikutana na tatizo ambalo halihusiani na aina ya diski. Marekani, Kanada na Japani zilitumia mfumo wa NTSC wenye mistari 525 na picha karibu 30 kwa sekunde. Uingereza, Tanzania, Kenya, Uganda na Oman zilitumia PAL, yenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Deki zinazouzwa katika nchi za PAL kwa kawaida husoma diski za NTSC. Deki nyingi zilizouzwa Marekani hazisomi za PAL. Ndiyo maana DVD ya harusi iliyorekodiwa Mombasa au Dar es Salaam ilionekana vizuri kwa ndugu walioko London au Muscat, lakini ikakataa kwa ndugu walioko Minnesota. Kompyuta husoma zote mbili.

Wengi walilichanganya tatizo hilo na namba za kanda zinazozuia DVD za dukani, ambapo Marekani ni kanda ya 1 na sehemu kubwa ya Afrika ni kanda ya 5. Diski iliyorekodiwa nyumbani haina kizuizi cha kanda, ikikataa sababu hutafutwa kwingine.

Kutuma na kupokea

Sababu ya kawaida kabisa ya diski kufika ikionekana tupu ni kutofungwa. Mashine ya kurekodia huacha DVD-R wazi hadi mtumiaji aiamuru kuifunga, na kabla ya hapo mashine nyingine haiwezi kuisoma. Kufunga huchukua dakika chache, na umeme ukikatika katikati, rekodi yote inaweza kupotea. Sababu ya pili ni kutokagua: diski inapaswa kusomwa yote hadi mwisho kwenye mashine tofauti na iliyoiandika, kwa kuwa makosa huanzia zaidi ukingoni, mahali zilipo dakika za mwisho za kipindi. Wengi walichoma kwa kasi ya wastani, kama mara 8 kwa diski ya mara 16.

Katika mabadilishano kila mtu alikuwa na orodha ya vipindi vyake, ikionyesha mwaka, kituo, kiwango cha kurekodi na kama rekodi ilitoka moja kwa moja kwenye matangazo au kwenye kanda. Mgeni asiye na cha kutoa alituma diski tupu na gharama ya posta, akarudishiwa zikiwa zimejazwa. Kuchukua faida ya fedha kulihesabiwa kuwa uhuni, ingawa kisheria kutokuwepo kwa faida hakukuondoa haki za mwenye kazi. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda pia matangazo ya vituo vya utangazaji.

Blu-ray na kuhama kutoka diski

BD-R hubeba gigabaiti 25 kwa tabaka moja na 50 kwa mbili, na ndiyo iliyowezesha kutunza matangazo ya picha angavu bila kuyabana upya. Nyingi hutumia tabaka lisilo la rangi ya kemikali, ambalo hustahimili mwanga vizuri zaidi. Zile zinazoitwa LTH hutumia rangi kama DVD-R na ni bora ziepukwe kwa kutunza. Kwa kutuma, BD-R haikupata umaarufu wa DVD, kwa sababu ilipoanza kuwa nafuu watu walikuwa wameanza kutumia diski kuu za nje na intaneti. Sony ilisimamisha utengenezaji wa diski za Blu-ray za kurekodia mwezi Februari 2025.

Mwenye DVD za kuchomwa za miaka ya 2000 anashauriwa kuzihamisha sasa, akianza na CD-R na zile zenye karatasi za kubandika. Faili za DVD zinakiliwe zilivyo kwenye diski kuu mbili zinazowekwa nyumba tofauti, bila kubadilishwa muundo. Diski ikikataa katika kichomeo kimoja, ijaribiwe katika vingine viwili au vitatu kabla ya kutupwa, kwani vichomeo hutofautiana sana katika uwezo wa kusoma diski zilizochakaa.